Herufi Iliyozidi

Kuna kitendawili ambacho watoto hukitegua hata hujamaliza kukitega: huwavika watu wote, mwenyewe yu uchi. Sindano, watasema, na papo hapo watadai kingine. Lakini sindano haiko peke yake. Yuko mshonaji wake, ambaye watu huvaa alichokishona wakaenda harusini, yeye akabaki chumbani kwake na shati lililochanika kwapani. Na fundi huyu alikuwa na uchi mwingine zaidi ya ule wa shati, ila aliufunika vizuri, kwa mshono wa ndani, miaka ishirini na zaidi.

Alifanyia kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Cherehani ya miguu ilikaa dirishani, benchi la wateja likakaa ukutani, na katikati kulikuwa na meza ya kukatia, ambayo upande mmoja ulikuwa wa vitambaa na upande wa pili ulikuwa wa vitabu vya binti yake wa mwisho. Nyumbani walimwita Kitinda. Alikuwa amebakiza miezi mitatu kufanya mtihani wa kidato cha nne, na hisabati ilikuwa imemkalia kooni kama mwiba wa samaki. Kila wiki aliomba aache shule ajifunze cherehani. Kila wiki baba yake alimjibu neno lilelile: mimi nilipata taabu kuliko wewe, na nilimaliza.

Jumatatu asubuhi aliingia mteja mwenye kitambaa cheusi mkononi na simu sikioni. Fundi alikuwa ameinama anapima mkunjo wa sketi, pini tatu mdomoni. Alimtambua kabla hajainua uso. Sauti ya mtu aliyezoea kuwaamsha wenzake alfajiri haizeeki. Huyu alikuwa kiranja wa bweni lao, na ingawa sasa alikuwa mkubwa katika idara ya maji, mwenye tumbo na saa ya dhahabu, Kiranja alikuwa Kiranja tu.

Kiranja hakumtambua. Nani angemtambua? Nywele zilikuwa zimekwenda, miwani imekuja, na mdomo ulikuwa umejaa pini. Akamaliza kuongea na simu, kisha akaeleza shida yake kwa haraka ya mtu mwenye mambo mengi. Jumamosi darasa lao lilikuwa linakutana katika bwalo la shule, miaka thelathini tangu wamalize. Walitaka kitambaa cha kutundika mbele, kidariziwe kwa uzi wa dhahabu: WENZETU WALIOTANGULIA, na chini yake majina sita. Akatoa karatasi. Akasema fundi asishangae kuona ni majina ya utani, maana majina ya kwenye rejista hakuna anayeyakumbuka, na wale wenzao walikufa wakiitwa hivyohivyo.

Fundi akasoma. Kijiko. Chaki. Bi Kengele. Mlingoti. Dawa ya Meno. Akafika la sita, na pini moja ikamchoma ndani ya shavu, akaonja damu.

La sita lilikuwa Tegua.

"Huyo wa mwisho ndiye anayeniuma," Kiranja alisema, akigusa karatasi kwa kidole. "Kichwa cha darasa. Walikuwa wawili dawati moja. Mmoja kazi yake kutega vitendawili, tukamwita Tega. Huyu kazi yake kutegua. Hakuna kilichomshinda. Leo angekuwa hai, fundi, nakuambia, tungekuwa na profesa."

Akaongeza kwamba huyo Tega bado wanamtafuta, simu yake hailii, huenda amehamia mbali. Fundi alijua Tega amehamia wapi. Miaka sita nyuma alikuwa mmoja wa watu wanne waliobeba jeneza lake, na waliobaki nyuma yao hawakuzidi kumi, maana Tega alikuwa dereva wa lori la taka na alikufa kwa kifua wiki ambayo kila mtu alikuwa na shughuli zake.

Hapo ndipo neno lilipotakiwa kutoka. Lilikuwa neno dogo tu: mmekosea, mzee, Tegua ni mimi. Lakini fikiria mtu anapigwa kofi na kuvishwa koti siku moja. Maiti yake ilikuwa na cheo kuliko yeye. Maiti ilikuwa profesa, naye alikuwa na pini mdomoni na sketi ya watu mapajani. Na nyuma yake, upande wa vitabu, binti, aliyekuwa likizo wiki hiyo, alikuwa anaandika.

"Herufi kubwa au ndogo?" fundi akauliza.

"Kubwa," Kiranja alisema, na simu yake ikalia tena.

*

Siku mbili alidarizi, akisogeza ule mviringo wa mbao unaokaza kitambaa polepole chini ya sindano. Alianza na KIJIKO, aliyekuwa akila haraka kuliko wote, akamaliza CHAKI, akashona BI KENGELE taratibu zaidi kuliko wengine, kwa sababu alizozijua mwenyewe. Alipofika la sita akasimamisha miguu. Akaona njia. Nitaweka haki mahali pake, akawaza, na sitafungua kinywa. Akashona TEGA. Herufi nne, nzuri, zimenyooka, zenye uzi mzito kuliko majina mengine yote. Funika kombe, mwanaharamu apite.

Lakini mwanaharamu hakupita. Alhamisi Kiranja alikuja kukagua. Alikitandaza kitambaa mezani, akasoma kwa kidole kutoka juu kwenda chini, na kidole kikasimama.

"Fundi, hapa umekula herufi."

Fundi akauliza wapi, ingawa alijua.

"Nimekuandikia Tegua. Wewe umeshona Tega. Huyo Tega ni mzima, tunamtafuta aje ale pilau ya watu, wewe umeshamzika." Mama mmoja aliyekuwa kwenye benchi anasubiri gauni akacheka. Kiranja naye akacheka, maana hakuwa mtu mbaya, kisha akauliza kwa upole, kama mtu anavyomuuliza mtoto meno yake yameng'oka mangapi: "Shule uliishia la ngapi, fundi?"

Kabla fundi hajajibu, upande wa vitabu kalamu iliwekwa chini.

"Shikamoo, mzee," Kitinda alisema. "Baba yangu alimaliza kidato cha nne."

"Marahaba, mama."

"Vyeti vyake vililiwa na mchwa. Lakini alimaliza."

Kiranja akageuka. Safari hii alimtazama fundi usoni, na fundi akainama kuokota mkasi ambao haukuwa umeanguka. "Ala, kumbe msomi mwenzetu," Kiranja alisema. "Shule gani?"

"Mbali kidogo," alisema fundi.

Kiranja akasema basi, hata wasomi hukosea, yeye mwenyewe huandika barua zikarudishwa. Akaomba herufi yake iongezwe, akaaga. Mama wa benchi akachukua gauni lake. Fundi akatoa wembe kwenye karatasi yake, akaifumua A uzi kwa uzi, akashona U mahali pake, na baada ya U akaishona tena A. Kitinda alikuwa amerudia hesabu zake, uso umemwiva kwa hasira na fahari pamoja. Akamwambia baba yake asiwe anawaachia watu wamdharau namna ile. Fundi akasema ndiyo. Aliendelea kukanyaga cherehani mpaka jina lake likamalizika kwenye orodha ya wafu, kisha akaomba chai.

*

Mkewe alikuwa anafua mashuka katika hospitali, na wiki hiyo zamu yake ilikwisha saa nane mchana. Ijumaa alirudi na mikono iliyonyauka kwa sabuni kama kawaida, akakuta kitambaa kimetandazwa mezani kinasubiri kupigwa pasi. Alikisoma akiwa bado na mkoba begani. Akarudia mstari wa mwisho. Kisha akakaa kwenye benchi la wateja, akacheka mpaka akajifuta macho.

Jina lile alilijua. Tega, alipokuwa hai, alikuwa anapita usiku watoto wamelala, na hakugonga mlango; alisimama nje akaita, Tegua, upo? Na wakikawia alitega kitendawili dirishani, akakataa kuondoka mpaka kitegulike.

"Kumbe mimi ni mjane," mke alisema. "Hata sikuambiwa. Nimefua mashuka ya marehemu wangapi, la mume wangu limenipita?"

Fundi akacheka kidogo, kwa heshima ya utani. Mkewe akauliza hao watu wa kitambaa wamesemaje alipowaambia kwamba yu hai. Fundi akasema hajawaambia. Mke akauliza atawaambia lini. Fundi akasema yeye ni fundi, hushona alicholetewa. Kazi ya mteja si yake kuisahihisha.

Kicheko kikaisha. Mke wa ndoa ya miaka ishirini na miwili anajua uzito wa maneno ya mumewe kama anavyojua uzito wa shuka lililolowa na lililokauka. Akasema mtu hakubali kuambiwa amekufa hivihivi, labda awe ana deni au ana aibu, na deni la namna hiyo angelijua yeye. Fundi akawasha pasi. Mke akaona karatasi ya orodha kando ya mkasi, na chini yake namba ya simu ya Kiranja. Akaichukua. Akasema kama mwanamume ameshindwa kusema yu hai, mjane wake atamsemea.

"Usipige."

"Kwa nini?"

"Weka simu chini, mama, nikwambie."

Akamwambia akiwa amesimama, pasi mkononi, na hakuchukua muda mrefu, maana lenyewe lilikuwa fupi. Hakukuwa na mchwa. Hakukuwa na cheti cha kuliwa. Miezi miwili kabla ya mtihani alirudishwa nyumbani kuleta ada, na ada haikupatikana. Mjomba wake akamkalisha kwenye cherehani siku moja tu, amshikie zamu, na siku hiyo ilikuwa haijaisha mpaka leo. Darasani walidhani amehama shule, wala hakuna aliyeuliza. Aliyejua alikuwa mmoja tu.

Katika nyumba ile mchwa walikuwa ni mzaha wa miaka yote. Mkate ukiadimika, ni mchwa. Kaka zake Kitinda, kabla hawajaondoka kwenda kutafuta maisha, walisema mchwa wa nyumba hii wamesoma kuliko wenye nyumba. Mke akatazama dari, kama anayewatafuta.

"Tega alisimama mbele ya baba yangu," alisema. "Baba alimuuliza, kijana huyu amesoma? Tega akaapa. Akasema tulikaa chumba kimoja cha mtihani, alikuwa mbele yangu, nilikuwa naona kisogo chake."

"Aliapa kwa ajili yangu."

"Najua kwa ajili ya nani. Baba yangu hakutaka profesa. Alitaka kujua kama mtu ni mkweli." Akaikunja karatasi mara mbili, akaikunjua. "Mtu alikuapia uongo ukapata mke. Amekufa amezikwa na watu kumi. Leo wenzake wamepata siku moja ya kumsimamia, na hiyo nayo unamnyang'anya? Hata kifo chake unataka kukivaa wewe?"

Pasi ilianza kunuka kwenye ubao. Fundi akaiinua. Hapo ndipo pazia la mlango wa ndani likasogea, na wote wawili wakajua kwamba Kitinda hakuwa amekwenda kwa jirani kuazima kitabu kama alivyoaga.

Hakulia. Alikuja mpaka kwenye meza, akakusanya vitabu vyake kimoja kimoja, akavipanga kwa ukubwa kama vitu vinavyorudishwa kwa mwenyewe.

"Jana nilikutetea mbele ya yule mzee," alisema.

"Nilisikia."

"Ukaniacha niseme."

"Nilikuacha."

"Kila nikitaka kuacha unaniambia, mimi nilimaliza. Nimekuwa nalala na neno hilo, Baba. Nikishindwa hesabu naliita kama dua. Basi Jumatatu shule zikifunguliwa nami siendi. Uliweza kuacha ukaoa, ukajenga, ukazaa. Mimi nini kitanishinda?"

Mama yake akamwita kwa sauti ya kumkanya. Fundi akainua mkono kumzuia mkewe. Kisha akasema kitu kingine kabisa. Akasema kitambaa ni kirefu, hakitakiwi kukunjwa, kesho atahitaji mtu wa kushika upande wa pili mpaka shuleni.

Kitinda akasema atafute mtu mwingine. Akaingia ndani na vitabu vyake.

*

Asubuhi mkewe alikuwa ameshakwenda kwenye zamu bila kumwamsha. Shati lake lilining'inia kwenye msumari, limepigwa pasi, na mpasuko wa kwapani ulikuwa umezibwa. Si mshono wa fundi. Nyuzi zilikwenda upande kama za mtoto anayejifunza, nyingine ndefu, nyingine fupi, na rangi haikufanana. Katika ndoa nzima mkewe hakuwahi kushika sindano ndani ya nyumba ile. Alisema kila mtu na lake. Fundi alilivaa taratibu, akiogopa kuukata uzi.

Alipofungua mlango akakuta binti yake amesimama nje, amevaa sare za shule, maana hakuwa na gauni lingine la kutokea mbele za watu. Hakumwamkia. Alishika ncha moja ya kitambaa, fundi akashika nyingine, wakaenda hivyo barabarani, kitambaa katikati yao kama maji wanayoogopa kuyamwaga. Waliokutana nao walipisha, wakidhani kuna msiba, na hawakukosea.

Bwalo lilikuwa lilelile, isipokuwa lilikuwa dogo. Hamsini hivi walikuwa wamefika, wanaume kwa wanawake, wote na fulana za rangi moja zilizowabana kila mtu mahali pake. Walishikana mabega, waliulizana magoti na sukari, waliitana majina ambayo wajukuu wao hawangeamini. Kiranja alikuwa na kipaza sauti. Alifurahi kuona kitambaa, akaonyesha misumari mbele ya meza kuu, akasema kitundikwe pale, halafu fundi na binti wakae nyuma karibu na mlango, wataletewa soda.

Wakakitundika. Wakaenda nyuma. Soda zililetwa, na fundi akaishika ya kwake bila kuifungua.

Kiranja akaanza kusoma. Kila jina aliliwekea neno moja, na watu wakatikisa vichwa, wengine wakacheka huku wakifuta kamasi. Kijiko na mchezo wake wa kula kwa kushindana na saa. Chaki aliyekuwa akiandika mashairi ubaoni. Bi Kengele. Mlingoti, aliyekuwa akibadilisha taa bila ngazi. Dawa ya Meno. Fundi alihesabu kwa vidole ndani ya mfuko wake, na katika mfuko huohuo mlikuwa na wembe kwenye karatasi yake. Kitinda alikuwa anamtazama. Hakuwa anatazama kitambaa wala watu. Alimtazama baba yake tu, kama mtu anayesubiri hesabu itoke au isitoke.

"Na wa mwisho," Kiranja alisema. "Tegua. Nisiseme mengi. Kila mmoja wenu alinakili kazi yake. Tungekuwa na profesa. Naomba tusimame, dakika moja, tunyamaze."

Viti vikasukumwa. Watu wakasimama, vichwa vikainama. Kimya kilipoanza kukaa, fundi alizungumza kutoka nyuma, karibu na mlango, si kwa sauti kubwa.

"Kitendawili."

Na bwalo zima likajibu. Hakuna aliyeamua kujibu. Ulimi uliofundishwa utotoni haungoji ruhusa, na darasa lile lilikuwa limefundishwa zaidi, jioni baada ya jioni, katika chumba hichohicho. Watu hamsini, vichwa vimeinama, walisema kwa pamoja:

"Tega."

Neno likagonga dari, likarudi. Wawili watatu wakacheka kwa mshangao, wakageuka kutafuta nani anafanya mzaha.

"Huyo," fundi alisema. "Huyo mliyemwita sasa hivi. Huyo ndiye aliyekufa. Nilimbeba mimi, huu mwaka wa sita. Alikuwa anaendesha lori la taka, na mpaka wiki ya mwisho alikuwa anakuja kunitegea dirishani. Tegua hajafa. Tegua ni mimi."

Kiranja alishusha kipaza sauti. Alimtazama mtu yule, miwani, kipara, soda isiyofunguliwa, na uso wake ukaanza kubadilika kidogo kidogo, kama mtu anayeona nyumba yao ya zamani nyuma ya rangi mpya.

"Lakini wewe ni fundi," alisema.

"Ndiyo. Tegua ni fundi wa nguo. Hakuwa profesa. Hata mtihani hakuufanya. Alitumwa nyumbani kuleta ada, hakurudi. Uliniuliza niliishia la ngapi. Niliishia hapo. Na ukiuliza kwa nini sikusema siku ileile, ni kwamba ulimsifu sana yule marehemu. Nikaona nikikwambia yu hai, nitamuua."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa mstari wa mbele, ambaye ndiye aliyeandika orodha, alijishika mashavu, akasema kwa sauti ya kukatika kwamba aliyempa habari alimpigia simu akiwa barabarani, mtandao unakwama, akasikia Teg, akasikia a, na katikati akajaza mwenyewe. Kwa sababu Tegua ndiye aliyemkumbuka zaidi. Akaomba msamaha, haikujulikana kwa nani.

Fundi akapita katikati yao. Alikitoa kitambaa kwenye misumari, akakilaza juu ya meza kuu, kati ya chupa za maji na maua. Akatoa wembe. Kitambaa kilikuwa kinateleza. Alijua hawezi kukata peke yake bila kukitoboa, maana mahali pale palikuwa pamekwisha kufumuliwa mara moja. Alitaka kuomba msaada, ndipo akaona mikono miwili yenye wino vidoleni imeshika pande zote mbili za jina, imekaza.

Akaanza kuifumua U.

Kiranja alikuwa ameangalia saa yake alipotangaza dakika moja. Dakika hiyo ikapita, na hakuna aliyekaa. Kilichosikika ni wembe tu ukigusa uzi, na uzi ukitoka, na vijipande vya dhahabu vikianguka juu ya kitambaa cha meza.

"Pengo litaonekana," Kitinda alisema, chini chini, bila kuinua macho.

"Liache."

"Na matundu ya sindano yatabaki."

"Yatabaki."

Akavuta uzi mwingine. Binti akasogeza kidole gumba kumpisha.

"Jumatatu nitakwenda shule," alisema. "Lakini usiniambie tena kwamba ulimaliza."

"Sitakwambia."

"Niambie ulipoishia. Mada gani ya hisabati."

Fundi alifikiri. Wembe ulisimama. Watu hamsini walikuwa bado wamesimama nyuma ya viti vyao, na Kiranja alikuwa amevua saa, ameishika mkononi kama kitu cha mtu mwingine.

"Duara," alisema. "Tulikuwa tumeanza duara."

Kitinda akatikisa kichwa kukubali, akakaza kitambaa. Uzi wa mwisho ukatoka, wakakiinua kitambaa. Kati ya G na A palibaki nafasi ya herufi moja, nyeusi, yenye matundu madogo madogo ambayo mwanga wa dirisha ulipita ndani yake.